Nesi na Kodi ya Maneno

Nesi alikunywa chai akiwa amesimama. Nilikuwa namsogezea kiti barazani, anakaa kwa kuniheshimu mimi mwenye nyumba, na kabla sijamaliza kumimina ameshainuka, kikombe mkononi, anatazama barabarani kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

"Kaa basi, Nesi."

"Nimekaa, Somoe. Hukuniona?"

Anaimeza chai ikiwa bado inatoa moshi, anaweka kikombe dirishani, huyo anaondoka.

Mimi ni fundi cherehani. Baraza langu kule Mtawanya lilitazamana na mlango wake, kwa hiyo miaka yote tuliyokaa ujirani nilimwona akitoka na kurudi zaidi kuliko nilivyomwona akiwa ametulia ndani. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Wazee walisema Nesi, watoto walisema "Shikamoo Nesi", na hata mwanawe wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alimwita Nesi akitaka kumtania. Mambo ya kwao sikumuuliza, naye hakuyasema. Nilichojua ni kwamba alikuwa mkunga wa zahanati yetu, na kwamba watoto wengi waliokuwa wakikimbizana kwenye mchanga mbele ya cherehani yangu walianza kulia duniani wakiwa mikononi mwake.

Kwa sababu hiyo aliwaona kama wake. Alikuwa anaweza kumdaka mtoto wa mtu njiani, akamshusha kope ya chini kwa kidole gumba, akamwita mama yake kutoka uani bila hata hodi. "Huyu hana damu. Mpe matembele, mpe dagaa. Na wewe mwenyewe ule, usimwangalie tu." Mama akianza kujieleza, Nesi yuko nyumba ya tatu. Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia mpaka sisi majirani tukayatumia. Ukimwambia pole na kazi alijibu, "Pole weka, nipe maji." Ukimwomba asubiri kidogo alisema, "Mtoto hangoji kikao." Harusini alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kuondoka, mara nyingine kabla ya pilau, na siku ya mapumziko alifagia uwanja wake asubuhi, akaufagia tena mchana, kisha akaja kufagia wangu.

Nilidhani ni mazoea ya kazi. Siku moja nilimuuliza, na, jambo la nadra kwake, alifikiri kabla ya kujibu. "Nikikaa," alisema, "yanakuja yote niliyoyaacha nusu." Sikuelewa alimaanisha wagonjwa au kitu kingine. Hakuningoja niulize.

Umbea aliuchukia. Wanawake waliopanga foleni ya kupima watoto wakianza habari za mume wa fulani na nyumba ndogo yake, Nesi alitoa kichwa mlangoni. "Hapa tunapima uzito wa mtoto. Ndoa za watu hatuna mizani yake." Nalisema hili mapema kwa sababu kilichokuja kutokea kilitokea kwa mtu mwenye msimamo huo, na ndiyo maana kilituchanganya sote.

Simu za mkononi zilipofika Mtwara zilikuwa za wenye nafasi. Baadaye zikaanza kushuka mitaani, na mwanawe akamtumia moja, kubwa, nzito, yenye mkonga wa kuchomoza. Ilikuwa ya kwanza kwenye mtaa wetu. Mimi nilizungumza na mama yangu aliyehamia Dar kupitia simu hiyo, na wengi wengine vilevile. Nesi hakumkatalia mtu, ila aliyekuwa anapigiwa alipaswa kukimbia.

Yeye mwenyewe aliongea akitembea. Alianzia kwenye mlango wake, akapita kisimani, akafika mashamba ya mihogo, akarudi, na sauti yake haikutofautisha Dar na nyumba ya jirani. Tulijua mwanawe anakula nini. Tulijua mchumba aliyemkataa. Na kwenye mkono wa pili alishika saa yake ya kazini, ile inayobandikwa kifuani, kwa sababu Nesi aliamini saa kuliko alivyoamini watu. Alihesabia mapigo ya moyo kwa saa hiyo, na uchungu wa wazazi. Sasa akaanza kuhesabia dakika za mazungumzo.

Vocha tulinunua kwa Shaweji. Shaweji alikuwa mtu mzima wa Kimakua, mpole, mwenye maneno machache ambayo aliyasema mara mbili mbili kana kwamba ya kwanza hayakutosha. "Karibu, karibu. Ipo, ipo." Kibanda chake kilikuwa cha mbao, kwenye kona ya kuelekea zahanati. Aliuza sigara, betri, viberiti na biskuti, na vocha zilipoanza aliziweka kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, akalikalia. Pembeni ya kibanda kampuni ya simu ilikuja kupigilia ubao mpya wa rangi kali wenye picha ya msichana anayecheka, na bei ya kuongea dakika moja imeandikwa kwa tarakimu kubwa kama mkono. Shaweji aliuonea fahari ubao ule. Asubuhi aliufuta vumbi kabla ya kufungua.

Nesi alipouona ubao alifanya hesabu. Vocha ya kiasi hiki, dakika moja bei hii, basi nitaongea dakika kadhaa. Akakwangua, akampigia mwanawe, akatazama saa. Simu ikakatika mapema. Akanunua nyingine. Ikakatika mapema vilevile, katikati ya neno, mwanawe akiwa ndiyo kwanza anaanza kumweleza kuhusu kifua kilichokuwa kikimbana.

Nadhani kilichomtibua ni hicho kifua. Alikuja kwangu akizunguka kati ya cherehani na mlango, simu mkononi. "Kasema 'Mama, hiki kifua', basi. Kimya. Hiki kifua kimefanyaje? Somoe, dakika zangu zimekwenda wapi?"

"Labda mtandao."

"Mtandao unakata, haupunguzi. Nimetazama saa."

Kesho yake mwanawe alipiga mwenyewe, kifua kilikuwa mafua tu. Lakini Nesi alikuwa ameshakosa usingizi, na asubuhi hiyo alikwenda kwa Shaweji. Ilikuwa saa ya watu: wanawake wenye watoto mgongoni wakielekea zahanati, wanaume wakingoja sigara ya kwanza. Mimi nilikuwepo kwa ajili ya viberiti.

"Shaweji," alisema, "vocha zako zina tundu."

Shaweji alicheka, akidhani ni utani. "Tundu, Nesi? Tundu?"

"Ndiyo. Nanunua nzima, naongea nusu. Nimepima kwa saa si mara moja. Kuna mahali zinavuja."

"Vocha imefungwa, Nesi. Unaikwangua mwenyewe, mbele ya macho yangu. Mbele ya macho yangu. Mimi nitaingilia wapi?"

"Hilo ndilo nataka unieleze."

Shaweji hakuwa na maelezo, kwa sababu hakujua. Angesema tu "sijui" pengine mambo yangeishia pale, lakini alikuwa mtu wa haya, na mbele ya watu wote wale uso wake ulibadilika, mikono ikaanza kupangapanga viberiti vilivyokuwa vimeshapangwa. Kwa waliokuwa wanatazama, huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Nesi aliangalia saa, akasema amechelewa, akaenda kazini.

Yeye alisahau kwa siku hiyo. Mtaa haukusahau. Kufika jioni ilishasemwa kwamba Shaweji ana kifaa cha kunyonya vocha kabla ya kuiuza. Wengine wakasema anaongea kwanza yeye na ndugu zake wa Msumbiji, kisha anazifunga upya kwa gundi ya wali. Waliocheka walikuwepo pia, lakini hata hao walianza kutembea hadi kituo cha mabasi kununua huko. Vocha za kituoni nazo zilikatika vilevile, ila hakuna aliyezipima kwa saa. Neno lilikuwa la Nesi, na Nesi hakuwa mtu wa kusema ovyo.

Aliyemweleza Nesi alichofanya ni mke wa Shaweji. Alikwenda kumpima mtoto, na mimi nilikuwa kwenye benchi na mpwa wangu. Akamweka mtoto kwenye mizani bila kumtazama Nesi usoni. Nesi akasoma uzito, akasema mtoto anaendelea vizuri.

"Nimesikia," alisema yule mama. "Nesi, wewe ukisema mtoto ana homa, tunaamini kabla hatujamgusa. Sasa umesema mume wangu mwizi. Ulitegemea watu wafanyeje?"

"Mimi sikusema mwizi."

"Ulisema tundu. Tundu lilitoboka lenyewe?"

Akamchukua mtoto, akatoka. Nesi alibaki ameshika kalamu. Kisha akaita mtu anayefuata.

Tangu hapo kutotulia kwake kukawa kwa namna nyingine. Zamani alikwenda kwa sababu ana pa kwenda. Sasa alitoka nje, akafika kisimani, akarudi, akaingia, akatoka. Alikwenda mjini kwa wakala wa kampuni ile, akaambiwa apige huduma kwa wateja. Akapiga, akapigiwa muziki. Alimuuliza mwalimu mkuu, akamwambia hayo mambo ya mitambo. Alimuuliza mwanawe, naye akasema, "Mama, huku Dar ndivyo ilivyo pia, sisi tumeshazoea." Jibu hilo lilimuudhi kuliko yote. "Mmezoea nini? Mtu huzoea kitu anachokijua."

Mtu aliyelijua jambo lile alijileta mwenyewe, na hakuja kwa ajili ya simu. Alikuwa bwana mmoja wa mapato, mtu wa bara, mgeni mjini, mwenye tai. Alimleta mkewe zahanati asubuhi moja akiwa na uchungu wa mimba ya kwanza kwa sababu gari lao liliharibikia jirani na kwetu, hospitali ya mkoa ikawa mbali. Mimi nilikuwa pale kwa vile nilishona mashuka ya zahanati na nilikuwa nimeyapeleka. Muuguzi mwenzake alikuwa ndani na mgonjwa. Nesi alitoka kumtuliza mume, maana alikuwa akitembea huku na huko koridoni akiharibu viatu vyake. Nesi akaungana naye, wakawa wanatembea wote wawili.

"Kazi yako nini, mwanangu?"

"Niko mapato, mama."

"Kodi?"

"Ndiyo, mama. Mama, mke wangu..."

"Mkeo bado. Akiwa tayari mimi ndiye nitakayekwambia. Hebu nieleze kitu." Akamwambia habari yote: ubao, bei, vocha, saa, dakika zilizopotea. Kila sauti ya mkewe ilipotoka ndani, yule bwana alisimama, na Nesi akamvuta kiwiko. "Endelea, endelea. Hiyo ni kawaida."

"Hiyo ni kodi, mama. Kodi ya ongezeko la thamani. Zamani mlikuwa mnaita kodi ya mauzo."

"Vati."

"Hiyo hiyo. Bei iliyo kwenye ubao ni ya kampuni peke yake. Ukipiga simu, unakatwa bei ile na kodi juu yake. Ndiyo maana dakika zinapungua."

"Kwa hiyo anayelipa ni nani? Kampuni au mimi?"

"Wewe, mtumiaji. Kampuni inaikusanya tu, inaileta serikalini."

"Na muuzaji wa vocha? Yule mwenye kibanda?"

"Yeye haimhusu hata kidogo. Anauza karatasi, anapata faida yake ndogo. Hawezi kuiongeza wala kuipunguza."

Nesi alisimama. Nilimwona uso wake ukiwa kama wa mtu aliyekanyaga msumari na bado hajalia. "Mbona ubao hausemi?"

"Mara nyingi unasema, mama. Chini, kwa maandishi madogo."

Hapo Nesi aliitwa ndani. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na yule bwana alilia mbele yetu bila kuona aibu. Nesi alimkabidhi mtoto, akaosha mikono, akavua aproni, akanishika mkono. "Twende."

Tulikwenda moja kwa moja kwenye ubao. Shaweji alikuwa ndani ya kibanda, hakutoka. Nesi aliinama chini ya picha ya yule msichana anayecheka, akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa kanga. "Soma wewe, Somoe. Macho yangu yananidanganya."

Maandishi yalikuwa pale, madogo kama mchwa, nusu yake yamefunikwa na ukingo wa mbao. Nikasoma: bei hizi hazijajumuisha kodi.

"Rudia."

Nikarudia. Alipojiinua alishika kiuno kama mzee, akaenda upande wa mbele wa kibanda, na palepale alipolitoa lile neno la kwanza akatoa la pili, kwa sauti ileile, mbele ya watu waliokuwepo.

"Nilisema vocha za Shaweji zina tundu. Nilikosea. Dakika zetu zinakwenda kwenye kodi. Imeandikwa kwenye ubao, sikuisoma. Huyu hakuniibia hata sekunde. Shaweji, nisamehe."

Shaweji aliitikia kwa kichwa. "Yamekwisha, Nesi. Yamekwisha." Aliyasema mara mbili kama kawaida yake, lakini macho yalikuwa kwenye kopo la vocha.

Nilidhani kweli yamekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Siku ileile nilisikia mwanamume mmoja akinong'ona kwamba Nesi amepewa vocha za bure anyamaze. Wengine walikuwa wameshazoea njia ya kituoni na hawakuona sababu ya kubadili. Neno la tundu lilikuwa tamu na fupi, na kuzunguka mtaa lilitumia asubuhi moja tu. Neno la kodi lilikuwa refu, likahitaji maelezo.

Basi Nesi akalitembeza mwenyewe. Akitoka kazini alipita nyumba hadi nyumba, na jioni nyingi alinichukua nimsindikize. Hakuruhusu mtu amkaribishe chai. Alisimama uani akaeleza: kampuni inataka yake, serikali inataka yake, mnunuzi ndiye anayelipa zote, muuzaji hana lake hapo. Alieleza mpaka bibi vizee wasiokuwa na simu wakaijua vati. Wanawake walimuuliza maswali ambayo hata yule bwana wa mapato asingeyategemea.

"Yaani Nesi, hata nikimpigia mume wangu arudi nyumbani, serikali inapata?"

"Inapata."

"Na asiporudi?"

"Inapata vilevile. Hata ukimtukana."

"Na nikibipu?"

"Kubipu huongei, hulipi."

"Basi mimi nitabipu mpaka nife."

Walicheka, naye hakucheka. Kila alipomaliza nyumba moja aliuliza, "Sasa utanunua kwa Shaweji?" Wote walisema ndiyo.

Kulielewa jambo hakukumpumzisha. Lilimfungulia lingine. Kama tunalipa kila tukifungua mdomo, alisema, mbona zahanati haina glovu? Diwani alipoitisha mkutano wa hadhara alisimama wa kwanza. "Mheshimiwa, mimi nikiongea na mwanangu serikali imo katikati, inachukua yake. Sikatai. Nauliza tu ikishachukua inakwenda nayo wapi, maana wazazi wananunua glovu wenyewe." Diwani akajibu kwamba serikali iko mbioni kulishughulikia. "Mbioni inakimbilia wapi?" Nesi akauliza. "Isije ikawa imetupita." Watu walipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Glovu zililetwa boksi chache mwezi uliofuata, zikaisha, na yeye akaanza upya kuuliza.

Lakini huyohuyo, mtetezi wa kodi na mkosoaji wake, alikuwa na vitenge vya Msumbiji sanduku zima. Vililetwa na mama mmoja aliyevuka navyo mto Ruvuma kwa mtumbwi, mbali na kituo cha forodha, na mimi ndiye niliyemshonea. Siku moja, mkasi mkononi, nikamuuliza hivi vimelipiwa ushuru?

Alinitazama kwa hasira ya kweli. "Somoe, kitenge kinaongea?"

"Hapana."

"Basi kata kitambaa."

Shaweji alifunga kibanda kabla mwaka haujaisha. Waliosema ndiyo kwa Nesi walikuwa wameendelea kununua kituoni. Alikuja kuniaga, akaniachia kopo la maziwa nihifadhie vifungo, akasema anarudi kijijini kwa mama yake, huko njia ya kuelekea Mnazi Bay, alime muhogo na ahudumie mikorosho iliyoachwa. Nilimuuliza kama amemuaga Nesi. "Nesi yuko kazini," alisema. "Yuko kazini." Ilikuwa Jumapili. Nesi alikuwa uani kwake, anafagia, na tulikuwa tunausikia ufagio.

Nilipomwambia, aliweka ufagio chini, akaenda hadi kibandani, akakuta mbao zimeshang'olewa, mchanga mtupu, ubao wa kampuni umelala kifudifudi. Alirudi akafunga mlango wake mchana kweupe. Sikuwahi kumwona akiufunga mchana.

Miaka ikapita. Alistaafu, akahamia Mikindani kwenye nyumba ya mawe ya ndugu zake, na mimi nikapata wateja wa huko, nikawa nampitia. Mguu mmoja ulikuwa umeanza kumsumbua. Alitembea kwa fimbo, na bado kikombe cha chai alikinywa akizunguka nacho ukumbini. Siku moja nilimkuta amevaa, amejitanda, amekaa mlangoni.

"Una kazi leo?"

"Nina gauni la kupeleka tu."

"Lipeleke, kisha twende kwa Shaweji."

Ndipo nikajua kwamba amekuwa akienda. Kila mwaka, wakati mwingine zaidi, alipanda gari hadi kule, akapokewa vizuri, akaomba radhi, akajibiwa yamekwisha, akarudi. "Hanifukuzi," alisema. "Afadhali angenifukuza."

Tulipanda pikapu iliyokuwa inapeleka chumvi na sabuni, dereva akatuambia atatuchukua akirudi alasiri. Kijiji kilikuwa na nyumba za miti na udongo, safi, zilizozungukwa na mikorosho yenye maua, na harufu yake tamu ilituingia puani kabla hatujashuka. Shaweji alikuwa amenenepa kidogo, nywele nyeupe. Alipotuona aliweka jembe. "Karibuni, karibuni. Somoe! Bado unashona?" Mkewe alitandika mkeka, akaleta muhogo wa kuchemsha na nazi, akatuamkia kwa adabu, akaingia ndani.

Nesi alikula kipande kimoja. Kisha akajiweka sawa, na nikamwona anajiandaa kama mtu anayetaka kuinua mzigo. "Shaweji, nimekuja tena kwa lile jambo. Siku ile pale kibandani..."

"Nesi," Shaweji alimkatiza. Sikuwahi kumsikia akimkatiza mtu. "Ngoja. Ngoja kidogo. Lile jambo mimi nililiweka chini zamani. Nilikasirika, sikufichi. Nilikasirika sana, na mke wangu zaidi. Kibanda nilikipenda. Lakini nimelima hapa, nimezeeka hapa, nimelisahau. Halafu wewe unakuja nalo. Unashuka kwenye gari umelibeba, unaniwekea mkekani, nami inabidi nilitazame upya. Ukiondoka nakaa nalo wiki nzima."

Nesi aliivuta fimbo yake karibu.

"Mimi sitaki usije," Shaweji akaendelea, taratibu. "Njoo. Lakini njoo na jambo jingine. Hata moja."

Nesi, aliyekuwa na jibu kwa diwani, kwa bwana wa mapato, kwa kila mama aliyeingia zahanati, alikaa mkekani ameshika fimbo kwa mikono miwili. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia. Kuku walipita. Ndani mke wa Shaweji alikuwa ameacha kugongagonga vyombo, anasikiliza.

Mwishowe Nesi akainua macho, akatazama mti uliokuwa karibu.

"Ile mikorosho," alisema, sauti ndogo kama ya mgeni. "Mbona ule pale maua yake yamekuwa meupe meupe, kama yamemwagiwa unga?"

Shaweji aligeuka kuutazama. "Huo? Huo una ubwiri unga, Nesi. Ugonjwa. Nimechelewa kuupuliza salfa."

"Unaambukiza?"

"Unaambukiza, tena kwa upepo."

"Na ile mingine umeiangalia?"

"Ya mbele nimeiangalia. Ya huko nyuma bado, bado."

"Bado?" Nesi alikuwa ameshaegemea fimbo, anainuka. Shaweji akampa mkono, akaushika, wakaenda, yeye akimwinamishia matawi ili aone, Nesi akishusha kila shada la maua kwa kidole gumba na kulichungulia kwa ndani. Niliwasikia wakibishana kuhusu upepo unatokea upande gani. Mkewe akatoka, akasimama nami mlangoni, akiwatazama.

Pikapu ilipiga honi barabarani. Nikaita. Walikuwa wameshaingia ndani kabisa ya shamba, na sauti ya Nesi ikanijia kati ya miti, haina haraka hata kidogo.

"Tangulia tu, Somoe. Mimi bado nipo nipo hapa."